Nyota 2: niliuziwa VIP ya ukumbi ambao ulikuwa haujapatikana

Naanza na nyota manake najua wengi wenu mnaangalia hizo halafu mnatoka. Mbili kati ya tano, na zote mbili ni za waigizaji, huduma ya tiketi ya mtandaoni yenyewe haina hata moja. Majina siyataji, la wale wa tiketi wala la kundi. Kundi ni vijana wazuri na nataka waendelee, halafu tangu nianze kulalamika nimesimuliwa kisa kama changu na watu wanne na kila mmoja ni shoo tofauti, kwa hivyo hii ni tabia imeota mizizi.

Ilikuwa hivi. Bango lilinijia kwenye simu usiku nikiwa kitandani. Igizo la Kiswahili, na sio kile Kiswahili cha kubabaisha, nilikuwa nimeshaona kipande chao kifupi mtandaoni nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Tarehe ipo, saa ipo, picha ya waigizaji sita wamekunja mikono ipo, bei zipo. Chini kabisa kwa maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa: Nairobi, ukumbi utatangazwa.

Nikajiambia ah, si itakuwa Kenya National Theatre tu, pale Harry Thuku Road mkabala na hoteli ya Norfolk, jumba lilofunguliwa 1952 likafanyiwa ukarabati likafunguliwa tena 2015, kwani igizo la mji huu litaenda wapi. Kosa langu la kwanza hilo, nilijijazia ukumbi mwenyewe kichwani. Na nadhani ndivyo wanavyotegemea, kila mtu ajijazie wake.

Sasa kuna Mama. Mama yuko Kisauni, Mombasa, ana miaka 68, goti la kushoto limemkorofisha tangu mwaka juzi, sikio moja halisikii sawasawa, na maisha yake yote hajawahi kuona igizo la jukwaani, yeye ni mtu wa redio na TV. Kila nikimpigia nikamwambia jana nilienda kutazama mchezo ananiuliza, na hao watu mnawaona hivi hivi, wanatoka jasho mnaliona? Nikamuahidi ipo siku nitamleta aone hilo jasho.

Bei zilikuwa kawaida 1,500, VIP 3,000, na VIP ya wanaowahi 2,500 mwisho Ijumaa. Chini ya VIP wameandika: viti vya mbele, kinywaji kimoja, kuingia bila foleni. Mimi kinywaji na foleni sikuvijali, nilinunua hayo maneno "viti vya mbele" kwa ajili ya sikio la Mama na goti la Mama. Nikalipa 5,000 kwa M-Pesa, ujumbe ukaingia kabla hata sijaweka simu chini. Hapo siwasingizii, kulipa ni chap chap, hiyo sehemu wameitengeneza wakaiweza kabisa.

Tiketi ikaja kwa imeli. Nikaikuza kwa vidole viwili nisome vizuri. Jina langu, ule mraba wa QR kodi, tarehe, saa kumi na mbili na nusu jioni. Mahali: Nairobi, utajulishwa. Mlango: kistari. Safu: kistari. Kiti: VIP. Yaani kiti chenyewe kinaitwa VIP, kama vile mtu unamuuliza jina anakwambia Mheshimiwa.

Wiki hiyo hiyo nikamkatia Mama tiketi ya treni. *639#, daraja la kawaida, 1,500 kuja, na ujumbe unakwambia behewa namba fulani kiti namba fulani. Treni yenyewe bado imelala huko Miritini lakini ishajua Mama atakaa wapi. Na usiseme ati ni mambo ya serikali na mitambo, basi za usiku za Mombasa zimefanya hivi tangu tuko wadogo, unaingia ofisini pale Mwembe Tayari karani anakutolea karatasi yenye viboksi, hiki kimeshikwa, hiki kiko wazi, unataka dirishani au kwa njia, na kama kilichobaki kiko juu ya tairi anakuonya kabisa usije ukamtukana kesho. Mtu wa basi akikuuzia kiti cha mbele kabla hajajua kama kuna basi utamwita tapeli mbele ya watoto wake. Kwenye igizo tunaiita bei ya wanaowahi na tunashukuru.

Wiki saba zikaanza kuhesabika. Nikawa nauliza kwenye WhatsApp yao kila Jumatatu, na kila Jumatatu jibu ni moja, habari mpendwa, asante kwa kutuchagua, ukumbi utatangazwa hivi karibuni, kaa mkao wa kula. Nimekaa mkao wa kula mpaka miguu ikafa ganzi. Na huku mabango yanaendelea kumwagika: VIP ZIMEBAKI CHACHE! Zimebaki chache kutoka ngapi? Kama hujui ukumbi hujui una viti vingapi, sasa hesabu ya zilizobaki umeitoa wapi? Mimi nafanya kazi stoo huko Industrial Area, nikimwambia bosi mabati yamebaki machache na siku yalipoingia sikuhesabu, nafukuzwa kabla ya chai ya saa nne.

Siku 9 kabla ya shoo wakatangaza. Ukumbi mmoja wa katikati ya mji, mzuri, viti vya kujikunja vimepangwa kwa mteremko, naujua. Nikafurahi, nikampigia Mama, nikamwambia ni pale pale kwenye matatu moja tu. Nikawaandikia wale wa tiketi, sasa kwa vile ukumbi umepatikana nitumieni namba za viti. Kimya. Siku 4 kabla, saa tano usiku, simu ikalia tiing: kutokana na sababu zisizoepukika igizo litafanyika katika ukumbi wa shule moja upande wa Karen, saa ni ile ile, tunaomba radhi kwa usumbufu, tukutane tufurahi pamoja. Na ramani.

Kwa msioijua Nairobi, mimi nakaa Buruburu. Buruburu na mjini ni matatu moja. Karen ni upande wa pili kabisa wa jiji, unaenda mjini kwanza, unatembea kubadilisha steji, unapanda matatu ya 111, unakaa kwenye Ngong Road ya Jumamosi jioni na wewe unaijua ilivyo, ukishuka shule bado iko ndani huko kwenye miti na geti baada ya geti, na kurudi saa nne usiku na mama mwenye goti hakuna mjadala, ni teksi. Nilijua saa ile ile kwamba usafiri utanila kuliko tiketi moja.

Nikaomba pesa zangu. Hapa ndipo nilipopigwa danadana ambayo ingefaa ichezwe uwanjani. Wale wa tiketi wakasema sisi ni daraja tu kati ya mteja na mwandaaji, pesa ni za mwandaaji, muulize yeye. Mwandaaji akasema, kwa heshima kabisa tena kwa sauti ya WhatsApp ya dakika mbili, dadangu sisi hatujaona hata shilingi, wale hutulipa shoo ikiisha, waulize wao. Nikarudi kwa wa kwanza nikawachezea hiyo sauti. Wakanitumia masharti. Nikayasoma yote nikiwa nimekaa kwenye gunia la misumari wakati wa chakula cha mchana. Kifungu kimoja kinasema mwandaaji ana haki ya kubadilisha ukumbi, muda, waigizaji na mpangilio wa viti bila taarifa, na kwamba tiketi ikishauzwa hairudishwi. Kilichobaki ambacho hawawezi kubadilisha ni jina langu. Nikajaribu hata kupeleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, namba ya kuomba kurudishiwa pesa, lakini ile imewekwa kwa mtu aliyekosea namba, mimi sikukosea, nililipa pale pale nilipotaka kulipa. Mbuzi kwenye gunia nilimchagua mwenyewe.

Ijumaa Mama akafika. Ameshaweka kichwani mwake kwamba anaenda kwenye igizo, amekuja na buibui jipya na mfuko wa kashata za kugawia watu watakaokaa karibu yetu. Ningemwambiaje?

Jumamosi tukafika kwenye hiyo shule saa kumi na mbili na dakika kumi. Foleni moja, mlango mmoja. Kuingia bila foleni kulikuwa kwenye bango, pale palikuwa na msichana mmoja anasoma QR kodi kwa simu yenye kioo kilichopasuka na kila tiketi ya tano inakataa anaandika jina kwa kalamu. Tukafungwa bangili ya karatasi, za VIP rangi ya zambarau. Nikaanza kuangalia mikono ya watu kwenye foleni. Zambarau, zambarau, zambarau. Moyo ukaanza kunienda mbio.

Ndani ni ukumbi wa kawaida wa shule, sakafu bapa, ule wa kufanyia mitihani. Jukwaa limeinuka kidogo tu. Viti vya plastiki vyeupe, na safu tatu za mbele zimefungwa utepe mwekundu mgongoni, hizo ndio VIP. Nimehesabu, viti 14 kila safu, kwa hivyo 42. Vyote vimejaa, na bado zambarau zilizosimama pembeni hazipungui thelathini. Kijana mwenye tochi akaja akaniambia anti hizo zimejaa, tafuteni tu penye nafasi, mwambie shosho asijali kila mahali panaonekana. Mama akaniangalia. "Shosho ni nani?" Nikamwambia ni wewe, ndivyo Nairobi wanavyomwita bibi. Akamgeukia yule kijana akamwambia mjukuu wangu, mimi shosho nimekubali, lakini hicho kiti nimelipiwa elfu mbili na mia tano kiko wapi nikakionee?

Kijana hakuwa na jibu na kwa kweli hakuwa na kosa, amepewa tochi na fulana basi. Alivyofanya ni kutoka nje akarudi na kiti cha darasani, kile cha mbao cha mwanafunzi, akakiweka pembeni mwa safu ya pili kwenye njia. Mgongoni mtoto fulani amechora kwa bikari jina lake na herufi za msichana anayempenda. Mama akakaa hapo saa mbili na nusu, magoti yamemfika kifuani, na kila anayepita kwenda msalani anamgonga begani halafu anamwambia pole. Mimi nikapata nafasi safu ya saba nyuma ya nguzo ya saruji, pana kama friji. Kulikuwa na mume na mke kwenye igizo, mume nilimuona vizuri, mke kipindi chote cha kwanza alikuwa upande wa pili wa nguzo, nilimjua kwa sauti tu. Kipindi cha pili wakabadilishana nikamwona mke nikampoteza mume.

Kinywaji? Kilikuwepo. Maji, ile chupa ndogo.

Sasa nyota zangu mbili niwape wenyewe, manake wale vijana wameigiza. Walikuwa wamefanya mazoezi kwa jukwaa lingine, hilo hata asiyejua angeliona, mlango wa seti ulikuwa mpana kuliko pale pa kuuweka kwa hivyo wakauegemeza ukutani na kila mtu akiingia anaushika kwanza usidondoke. Dakika kama ya arobaini ukaponyoka. Kishindo, vumbi, ukumbi mzima umeshika pumzi. Yule anayeigiza mume akautazama mlango chini, akamtazama mkewe, akasema nilikwambia huyu fundi wa binamu yako tusimpe kazi. Watu wakafa! Na mke, nyuma ya nguzo yangu, bila kusita hata kidogo, akamjibu binamu yangu amekufanyia kwa mkopo na mpaka leo hujalipa. Na wakaendelea na igizo kutoka hapo hapo kama iliandikwa. Mtu anayeweza hivyo anastahili ukumbi wenye namba kwenye viti. Mwisho wakati wa kupiga makofi yule mume akaja mpaka ukingoni, karibu kabisa na kiti cha Mama, uso unang'aa, shati limemganda. Nilimuona Mama ameinua kichwa anamtazama, hapigi hata makofi. Kwenye teksi akaniambia, kweli wanatoka jasho.

Teksi ilikuwa 1,900 ndio nitaje tu na hiyo.

Wakati tunangoja hiyo teksi nje pale getini ndio nikaongea na jamaa mmoja wa kundi, alikuwa anapakia vyuma vya taa kwenye pikapu, na Mama alikuwa ameshampa kashata kwa hivyo akafunguka. Kwa maelezo yake ukumbi wowote wa maana unataka nusu ya pesa mapema ndio wakuandikie tarehe kwenye kitabu. Usipolipa wanakuandikia kwa penseli. Akija mtu wa kongamano mwenye hundi, penseli inafutwa. Kundi kama lao halina nusu hiyo, linayo tu waigizaji na bango, kwa hivyo wanauza tiketi kwanza ndio wapate hela ya kulipia ukumbi wa kuonyeshea hizo tiketi. Ila tena ile pesa ya tiketi inakaa kwa wale wa mtandao mpaka shoo iishe, au wakupe nusu yake mapema wakate zaidi. Kwa hivyo ukumbi wa kwanza ule wa mjini ulikuwa ni penseli. Walitangaza penseli.

Nilimwelewa, wallahi nilimwelewa. Zamani kundi lilikuwa na nyumba yake. Phoenix Players walikuwa na ukumbi wao mdogo pale Professional Centre, Parliament Road, ukinunua tiketi unajua hata kiti gani kinalia ukikikalia. Walifunga 2017. Tangu hapo makundi mengi yanahamahama na vyuma vyao vya taa, mwezi huu Alliance Française pale Loita Street wakipata nafasi, mwezi ujao ukumbi wa shule, mwingine ukumbi wa kanisa. Anayehama hivyo hawezi kukupa namba ya kiti miezi miwili mapema, hilo halihitaji digrii.

Lakini ndio uniambie! Niandikie kwenye bango hatuna ukumbi bado, nisaidie nikusaidie, tiketi ya sasa ni 1,000 utakaa popote, na nikiona ukumbi haunifai nina siku mbili za kurudishiwa pesa yangu. Ningenunua. Tena ningenunua nne. Hiyo ni harambee na harambee tunaijua, mtu anachanga akijua anachanga. Mimi niliambiwa nimenunua kiti cha mbele kumbe nimemkopesha mtu hela ya penseli, bila riba na bila yeye kuniomba.

Kosa kubwa kwangu mimi lipo kwa watu wa tiketi kuliko kundi. Wao ndio wenye mtambo. Wanajua kabisa kwamba ramani ya viti haiwezi kuchorwa bila ukumbi, ndio maana ile tiketi yangu ilikuwa na vistari, mtambo wenyewe ulikuwa unasema ukweli, sina safu, sina kiti. Wangeweza kumwekea mwandaaji sharti moja tu, hakuna kuuza daraja lolote la viti mpaka ukumbi umeandikwa kwa wino. Badala yake wamemruhusu aandike VIP na bei mbili na idadi anayoitaka, halafu zambarau zikazidi viti kwa zaidi ya nusu, na kwa kila moja wao wameshakata ada yao.

Binamu yangu aliye Leicester nilipomsimulia akaniambia hata London yanatokea, 2017 lile igizo la muziki la Hamilton lilikuwa lianze Victoria Palace Theatre mwezi wa Novemba, tiketi zimeuzwa tangu Januari na jumba liko kwenye ukarabati, ukarabati ukachelewa, shoo za kwanza zikasogezwa mpaka 6 Desemba na waliokuwa na tiketi za siku zile wakapangiwa siku nyingine. Nikamwambia haya, lakini jumba walilijua ni lipi. Na kila mmoja alikuwa na kiti chake hata kama hakijafungwa skrubu.

Baada ya shoo nikaandika barua, sio WhatsApp, imeli yenye kichwa cha habari na tarehe. Nikawanukulia Katiba ya 2010, kifungu cha 46, haki za mtumiaji, kwamba mtu ana haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi anachokinunua, nikataja na ile sheria ya 2012 ya kumlinda mnunuzi, nikasema nakala nitapeleka Mamlaka ya Ushindani. Nikaambatisha skrinishoti ya tiketi yenye vistari, picha ya kiti cha darasani, picha ya nguzo. Sikudai 5,000 yote, igizo tuliliona, Mama alifurahi, sitaki kula bure jasho la watu. Nilidai tofauti ya VIP na kawaida, 1,000 kwa kila tiketi, 2,000 jumla. Ajabu ni kwamba baada ya wiki saba za kaa mkao wa kula, barua hii ilijibiwa kabla ya saa tisa mchana. Wanashughulikia, wakanipa na namba ya malalamiko. Namba ya kiti ndio iliyowashinda.

Kama na wewe unaangalia bango sasa hivi na kidole kiko juu ya kitufe, angalia kama pale pa mahali pana jina la jengo au pana neno "utatangazwa". Kama ni utatangazwa na roho inakutuma uwasaidie, chukua ya kawaida, ile ya bei ya chini, manake bila ramani ya viti VIP na kawaida ni rangi ya bangili tu. Kama unakuja na mzazi, au mtu wa kiti cha magurudumu, au unatoka nje ya mji kwa ajili ya hiyo siku, subiri. Mimi sijawahi kukosa igizo Nairobi kwa kusubiri, mlangoni siku zote huwa kuna tiketi, labda utaongeza 500. Na ukishatangaziwa ukumbi piga simu kwenye ukumbi wenyewe uulize tarehe hiyo ina nani. Wanakwambia. Mimi sikufikiria kuuliza, ningepiga ile siku ya 9 pengine ningeambiwa dada hao wako kwa penseli.

Nyongeza, Jumanne: M-Pesa imeingia saa mbili usiku, 1,850. Nikauliza zile 150, wakasema ni ada ya kurudisha. Nyota zinabaki mbili.